Diski ya Pili Haisomi: Ulipe Ngapi, na Umlipe Nani?

Diski ya pili ikikataa kusoma, tiba yake hapa Nairobi inaweza kukugharimu shilingi 200 au shilingi 60,000, na mara nyingi tofauti hiyo haiamuliwi na uzito wa ugonjwa. Huamuliwa na mlango uliobisha kwanza. Mkaazi wa Kileleshwa ana milango mingi. Yupo fundi atakayekuja hadi kwenye fleti yako na kudai ada ya kufika hata kabla hajafungua kompyuta. Yapo maduka ya upande wa Yaya Centre na Valley Arcade, yenye kiyoyozi na bei za kiyoyozi. Upo mji wenyewe, Moi Avenue na Luthuli Avenue, ambako matatu ya namba 48 inakushusha ukatembea kidogo tu. Na wapo wataalamu wachache wa kuokoa data, ambao tarakimu zao huanza pale za wengine zinapoishia. Wote wanne wanaweza kukupa majibu manne kwa diski ile ile bila hata mmoja kusema uongo, maana kila mmoja anauza alicho nacho mezani.

Ndiyo maana kulinganisha bei kabla ya kujua diski imepotelea wapi ni kazi bure. Tuanzie hapo.

Kwa diski ya pili ninamaanisha ile isiyobeba Windows. Kompyuta huwaka vizuri bila hiyo, na kwa sababu hiyo watu huchelewa kugundua kwamba imetoweka. Humo ndimo zimo picha za harusi, video za kazi, hesabu za biashara, tasnifu ya mwaka mzima. Katika fleti za Kileleshwa, ambako sebule nyingi siku hizi ni ofisi, utaikuta kwa sura tatu. Ya kwanza ni diski ya nje inayochomekwa kwa USB. Ya pili ni diski iliyoongezwa ndani ya kompyuta ya mezani, aghalabu zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za ex-UK zinazouzwa mjini. Ya tatu ni ile diski ya zamani ya laptopu iliyoondolewa ili kupisha SSD, kisha ikahamishiwa mahali pa DVD kwa kifremu ambacho mafundi hukiita kedi. Kila sura ina magonjwa yake.

Diski yoyote hupita vituo vinne kabla hujaiona kwenye skrini. Kwanza ipate stima. Pili itambuliwe na BIOS, ile programu ya mwanzo kabisa inayoamsha kompyuta. Tatu ikubaliwe na Windows. Nne ipewe herufi, D au E au nyinginezo, ndipo itokee kwenye orodha ya mafaili. Ikipotelea kituo cha nne, dawa ni bure kabisa. Ikipotelea cha kwanza, huenda ni waya wa mia mbili au huenda ni mauti. Anayekutoza kabla hajajua kituo anakutoza kwa kubahatisha.

Kituo cha nne ndicho kinachowaletea mafundi pesa rahisi zaidi, kwa hiyo tukianze. Bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows na herufi X, kisha uchague Disk Management. Ukiona diski yako pale, yenye ukubwa unaoufahamu na mstari wa buluu juu yake, lakini haina herufi, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uipe herufi. Ikiwa imeandikwa Offline, bofya jina lake upande wa kushoto uiwashe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na ziko ofisi zinazotoza shilingi 1,500 kuifanya. Ukiona diski ipo lakini Windows haielewi kilichomo, imekwama kituo cha tatu: jiulize ilitoka wapi. Diski iliyofomatiwa kwenye Mac haisomeki kwenye Windows hivi hivi, wala ya Linux, na zote mbili ni nzima kabisa. Ichomeke ilikotoka, uhamishe mafaili yako.

Hapo hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote katika habari hii. Windows ikikutana na diski isiyoielewa, hukuletea kidirisha cha kukuomba ubonyeze Initialize, au hukuambia kwamba lazima ufomati diski ndipo uitumie. Kwa diski mpya kutoka dukani, kubali. Kwa diski yenye mafaili yako, kataa, ufunge kidirisha na uketi kitako ufikiri. Initialize huandika ramani mpya juu ya ile ya zamani. Mafaili bado yapo ila njia ya kuyafikia imefutwa, na kuanzia dakika hiyo kazi ya bure imegeuka kazi ya maelfu. Kufomati kunaongeza maafa, na kwa SSD kunaweza kuwa ndio mwisho, kwa sababu Windows huiarifu SSD kwamba nafasi zile hazihitajiki tena, nayo SSD huzisafisha yenyewe kimyakimya. Fundi akikuambia kwa furaha kwamba amefanikiwa kuifanya diski isome, swali lako la kwanza liwe: ulifomati?

Tukirudi nyuma hadi kituo cha pili, tunakutana na mambo ambayo wauzaji wa mjini hawayaelezi kwa sababu mnunuzi haulizi. Chukua OptiPlex ya miaka ya nyuma kidogo. Umenunua diski, umeichomeka, inazunguka, lakini kompyuta inaapa kwamba haipo. Katika mashine nyingi za Dell, kila tundu la SATA, yaani la kuchomekea diski, lina swichi yake ndani ya BIOS, na matundu yasiyotumika yanaweza kuwa yamezimwa na ofisi iliyokuwa na kompyuta hiyo Uingereza. Bonyeza F2 wakati inawaka (kwa HP ni F10), tafuta sehemu ya diski, washa tundu. Gharama ni sifuri.

Kisa kingine huwapata wanaojiundia kompyuta: diski ilikuwa ikisoma vizuri hadi siku ile walipoongeza SSD ya M.2, ile nyembamba kama ubao wa RAM. Wanaamini SSD mpya imeua diski ya zamani. Ukweli ni kwamba katika bodi nyingi za bei ya kati, nafasi ya M.2 hugawana njia na tundu moja au mawili ya SATA, ukijaza M.2, matundu hayo huzimika. Kitabu cha bodi hukueleza ni matundu gani. Hamisha kebo kwenye tundu jingine. Hapa pia hulipi kitu, ingawa nimesikia watu wakiuziwa diski mpya kwa tatizo hili hili.

Na M.2 zenyewe ni za koo mbili zinazofanana sura: za SATA na za NVMe. Upana ni mmoja, milimita 22, na urefu wa kawaida ni milimita 80 kwa zote. Nafasi ya laptopu inayokubali SATA pekee haitaiona NVMe hata ukikesha, na kasha la USB la NVMe halitasoma M.2 ya SATA isipokuwa liwe la aina zote mbili. Dalili ya haraka ni mapengo kwenye meno ya dhahabu: yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye moja kwa kawaida ni NVMe. Kwa hiyo usimwambie muuzaji "nataka SSD ya laptopu". Mpelekee laptopu yenyewe, au namba yake ya modeli, na mkubaliane kwa maandishi kwamba utarudisha isiposoma.

Sasa kituo cha kwanza, stima, ambako pesa kidogo hufanya kazi kubwa.

Diski ndogo ya nje, ya inchi 2.5, hunywa stima yake yote kutoka kwenye USB. Tundu la USB 2.0 limeahidi miliampi 500, na la USB 3.0 miliampi 900, lakini diski inapoanza kuzunguka inaweza kutaka zaidi ya hapo kwa sekunde chache. Ukiichomeka kwenye tundu la mbele la kompyuta ya mezani, kwenye skrini, au kwenye kile kigawanyio chenye vifaa vingine vinne, itajaribu kuzunguka, itashindwa, itajaribu tena. Sauti yake hapo ni tik, tik, tik, na wengi husikia hiyo wakaanza kuomboleza. Kabla ya matanga, chomeka moja kwa moja kwenye tundu la nyuma la kompyuta, kwa kebo nyingine fupi. Kebo ya USB ya diski hizi ni shilingi 200 hadi 400 mjini. Ikisoma, umemaliza. Ikiendelea na tik-tik kwenye tundu lenye nguvu na kebo nzima, basi ni habari nyingine, na nitaifikia.

Diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji volti 12, ambazo USB ya kawaida haina, ndiyo maana huja na adapta yake ya ukutani. Adapta hizo hufa kabla ya diski, hasa stima inaporudi kwa kishindo baada ya kupotea. Adapta ya volti 12 na ampi 2, ya aina inayotumika kwa kamera za ulinzi na baadhi ya ruta, hupatikana Luthuli kwa kati ya shilingi 600 na 1,200. Soma lebo ya ile ya zamani kabla ya kununua: volti zilingane kabisa, ampi zisipungue, na alama ya chanya na hasi iwe ile ile. Balaa la nyumbani ni adapta ya laptopu ya volti 19 ambayo kichwa chake kinaingia kwenye tundu la diski bila shida. Ukiichomeka kwa haraka, diski hunyamaza papo hapo. Usiitupe. Diski nyingi zina kijidude cha ulinzi kwenye bodi yao, diodi ndogo inayojitoa mhanga ili zingine zipone, na fundi wa bodi mwenye mita na mkono mtulivu anaweza kuiondoa diodi hiyo iliyoungua, diski ikaamka kwa muda wa kutosha kunakili mafaili. Mafundi wa namna hiyo ni wale wanaotengeneza bodi za simu na laptopu. Duka linalouza na kuweka Windows pekee halitakusaidia hapo.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kebo ya SATA ya data ni shilingi 150 hadi 300. Ibadilishe kwanza kuliko kitu kingine chochote. Hulegea, hukunjika, na haionyeshi jeraha. Kebo za stima ni hadithi nyingine. Pawa saplai za kisasa zenye kebo zinazochomoka hazina mpangilio mmoja wa pini upande wa kisanduku, na kebo ya kampuni moja inaweza kuingia vizuri kwenye pawa saplai ya kampuni nyingine kisha ikatuma volti 12 mahali pa volti 5. Diski haitoki salama. Ukipoteza kebo, tafuta ya kampuni na modeli ile ile, hata kama muuzaji anakuapia kwamba zote ni sawa.

Kwa laptopu yenye kedi, tazama unene. Kuna za milimita 9.5 na za milimita 12.7, na isiyolingana hukaa upande upande, meno yasigusane vizuri. Kedi mpya ni kama shilingi 1,000 hadi 1,500, na kwa maoni yangu haina haja: nunua kasha la USB 3.0 la inchi 2.5 kwa bei hiyo hiyo, diski ya zamani itoke nje iwe ya kubebeka. Kasha hilo pia ndicho kipimo bora zaidi unachoweza kumiliki, kwa sababu diski inayokataa ndani ya kompyuta lakini ikasoma kwenye kasha imekwisha kukuambia kwamba tatizo ni kompyuta. Kwa diski za inchi 3.5, kifaa chenye adapta yake kinachosoma saizi zote huanzia shilingi 3,000 hivi. Ukiwa na jirani mwenye nacho, azima.

Kuna tahadhari moja kuhusu kutoa diski ndani ya boksi lake la nje. Nyingi za Seagate ndogo zina diski ya kawaida ya SATA ndani, ambayo unaweza kuihamisha. Lakini WD My Passport nyingi zina tundu la USB lililochomelewa kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna SATA, na data imesimbwa na chipu iliyo kwenye bodi hiyo. Hapo kubadilisha kasha hakuna maana, na tundu la USB likivunjika inakuwa kazi ya fundi wa kuchomea, si ya muuza makasha. Pia ukifungua boksi, waranti imekwenda.

Ukijumlisha yote hayo, mkoba wa majaribio (kebo ya SATA, kebo ya USB, kasha) hauzidi shilingi 2,200. Fundi wa kuja nyumbani Kileleshwa hutoza kati ya 1,500 na 2,500 kwa kufika tu, halafu sehemu kando. Maduka ya Moi Avenue hukagua kwa 500 au 1,000, na baadhi hukagua bure yakitarajia kukuuzia kitu, jambo ambalo nalo lina bei yake. Kwa mtu asiye na woga wa bisibisi, hesabu haina utata: nunua vifaa, ujaribu mwenyewe, kwa sababu hata vikishindwa vitabaki vyako. Kwa asiyetaka kugusa, ningempendekezea mjini kuliko fundi wa kuja mlangoni. Sababu yangu si bei. Mjini fundi ana kebo kumi, pawa saplai tatu na kompyuta nyingine ya kujaribia. Aliyekuja kwa bodaboda ana begi.

Inafaa pia kujua kwamba kifo cha diski si cha kawaida kama inavyodhaniwa. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data ya watu kwenye diski zaidi ya laki mbili na kuchapisha takwimu zake, iliripoti kwamba mwaka 2023 asilimia 1.40 ya diski zake ziliharibika, na mwaka 2024 asilimia 1.57. Hizo hukaa kwenye vyumba vya baridi na stima safi, hazidondoki mezani wala hazibebwi kwenye begi hadi Westlands, kwa hiyo usitarajie za kwako zilingane. Hata hivyo, fundi anayetangaza "imekufa" kabla ya kubadilisha kebo anaharakisha.

Lakini zipo zinazokufa kweli. Tik-tik inayoendelea kwenye stima ya kutosha, mkwaruzo kama wa chuma kwa chuma, au diski inayotambuliwa na BIOS kwa jina geni au ukubwa wa sifuri: hizo ni dalili za vichwa vya kusomea au za sehemu ya ndani kabisa. Izime. Usiiwashe "mara moja tu kuona". Vichwa hivyo huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, na kichwa kilichovunjika hulima sahani kila inapozunguka. Ushauri wa kuiweka kwenye friza, ambao bado unazunguka, huongeza unyevu juu ya msiba.

Hapa ndipo utakapokutana na bei kubwa, na ndipo mnunuzi anapohitaji maswali makali kuliko pesa. Kuokoa mafaili kwenye diski isiyo na kasoro ya kimwili, yaani iliyofomatiwa au kupoteza ramani, hutozwa shilingi 5,000 hadi 15,000. Diski yenye vichwa vibovu huanzia 25,000 na kupanda hadi 60,000 na zaidi, kwa kuwa lazima itafutwe diski pacha ya kutolewa vichwa. Uliza diski itafunguliwa wapi. Jibu sahihi linahusu chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa, na jibu la "hapa mezani" linatosha kukufanya uichukue diski yako uende. Uliza kama unalipa endapo hakuna kilichopatikana. Na akikuambia atabadilisha bodi kwa ya diski nyingine ya modeli hiyo hiyo, muulize kuhusu chipu ya ROM. Katika diski za kisasa, chipu hiyo ina vipimo vya diski moja tu na lazima ihamishwe pamoja. Asiyejua swali hilo linahusu nini hajawahi kuifanya kazi hiyo kwa mafanikio.

Kwa diski isiyo na kasoro ya kimwili, unaweza kujifanyia. TestDisk na mwenzake PhotoRec ni programu za bure, huria, za Mfaransa Christophe Grenier. Ya kwanza hurudisha ramani iliyopotea, ya pili huchimba mafaili moja moja hata ramani isipokuwepo, ingawa majina yake hupotea. DMDE ina toleo la bure linalokuruhusu kutoa hadi mafaili 4,000 kutoka folda moja kwa kila mkupuo, na kwa watu wengi hilo linatosha kabisa. R-Studio ni ya kulipia, kama dola 80, na ina sura rahisi zaidi kwa mgeni. Ukilinganisha na shilingi 10,000 za dukani, akiba yako kwa R-Studio si kubwa. Kwa DMDE au TestDisk ni kubwa, ila unalipa kwa usiku kadhaa wa subira.

Gharama inayosahaulika ni diski ya kupokelea. Huokoi mafaili kwa kuyaandika kwenye diski ile ile inayougua. Njia ya busara ni kunakili diski nzima kwanza, kwa programu ya ddrescue kwenye Linux, kisha kuchimba kwenye nakala. Hiyo ina maana kwamba kuokoa diski ya terabaiti moja kunahitaji nyingine ya ukubwa huo au zaidi, ambayo ikiwa mpya na ya kubebeka ni shilingi 7,000 hadi 9,000. Bei ya fundi mara nyingi haijumuishi hiyo. Ukiambiwa 8,000, hesabu 16,000.

Ukinunua nyingine, chaguo la mjini ni kati ya mpya na ya ex-UK. Ya mitumba ya gigabaiti 500 huuzwa kwa shilingi 2,000 hivi, na kwa kazi ya nakala ya pili ya vitu ulivyonavyo mahali pengine sina ugomvi nayo. Kabla ya kulipa, omba ichomekwe na ufungue CrystalDiskInfo, programu ya bure inayoonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na sekta zilizokwisha kuharibika. Saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzimwa. Saa chache mno kwenye diski yenye mikwaruzo zikutie shaka pia, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufutika: Januari 2025 tovuti ya habari ya Kijerumani ya Heise ilifichua diski za Seagate zilizouzwa kama mpya huku zikiwa zimetumika maelfu ya saa, kumbukumbu zao zikiwa zimerudishwa sifuri. Na zile "SSD za terabaiti 16" za shilingi elfu mbili tatu zinazotangazwa mitandaoni hazijawahi kuwa SSD. Ndani huwa na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Ikijaa, huandika mapya juu ya ya zamani. Programu ya bure ya H2testw huiumbua.

Kuhusu kuhamia kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, hesabu kwanza intaneti yako. Gigabaiti 500 kwenye laini ya Mbps 15 ni zaidi ya siku tatu mchana na usiku za kupandisha, ikiwa laini haikatiki hata mara moja. Kwa hati na picha za simu inafaa sana. Kwa video za kazi, diski mbili za bei nafuu, moja ikae nyumba nyingine, zinashinda.

Kuna chanzo kimoja cha hitilafu, cha Kileleshwa hasa, ninachokitaja kwa kuwa ni nadra kufikiriwa. Fleti nyingi mpya zina jenereta, na wapangaji huona kwamba tatizo la stima limekwisha. Lakini kati ya stima kupotea na jenereta kushika zinapita sekunde kadhaa, na diski iliyokuwa katikati ya kuandika hukatwa papo hapo, mara mbili kwa kila tukio, kwa sababu hukatwa tena stima inaporudi ikiwa swichi ya jengo haibadilishi laini haraka. Diski nyingi zinazogeuka ghafla kuwa "RAW", yaani Windows haielewi tena kilichomo, zilianzia hapo. UPS ndogo ya VA 650 ni shilingi 5,500 hadi 7,500, inatosha kuvusha kompyuta ya mezani kwa pengo hilo. Mwenye laptopu na diski ndogo ya USB haihitaji, betri yake ni UPS.

Upande wa sheria, mnunuzi wa Kenya ana nguvu kuliko anavyozitumia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ina sehemu juu ya ukarabati: fundi atoe makadirio, asifanye kazi usiyoiidhinisha, asivuke makadirio kwa zaidi ya asilimia 10, na akupe nafasi ya kurudishiwa vipuri alivyovitoa. Hicho cha mwisho usikiache. Diski yako mbovu iliyobaki dukani bado ina kitambulisho chako na picha za watoto wako. Mgogoro wa pesa hadi shilingi milioni moja unaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, na huhitaji wakili. Unachohitaji ni risiti na makadirio ya maandishi. Ujumbe wa M-Pesa peke yake huthibitisha kwamba ulilipa, hauelezi ulilipia nini.

Kwa hiyo siku ya kukabidhi, andika kwenye risiti namba ya mfululizo (serial number) ya diski iliyo kwenye lebo, ukubwa wake, na maneno "isifomatiwe". Siku ya kuchukua, usitosheke na orodha ya majina ya mafaili kwenye skrini, kwa sababu jina linaweza kurudi na kilichomo kisirudi. Fungua picha kadhaa za miaka tofauti, cheza video moja hadi mwisho, fungua jedwali la hesabu kubwa kuliko yote uliyonayo. Vikifunguka, lipa.